Kumwogesha Dada

Jumanne, 29 Oktoba 1974

Uji saa moja. Dada kanywa nusu, nusu kamwaga kwenye mkeka. Anasema nimetia sumu. Jana alisema hivyo hivyo, halafu akaomba kikombe cha pili.

Mama Hadija alikuja saa tatu na ndoo yake. Akamwogesha nyuma ya nyumba, akambadilisha kanga, akamsuka nywele zile chache zilizobaki. Mimi nilikaa mbele mpaka alipomaliza. Ndivyo tunavyofanya tangu tuhamie kijiji hiki miezi miwili iliyopita. Nimekuwa dresa miaka thelathini na moja. Nimesafisha vidonda na uchafu wa watu wazima wa kila namna. Lakini kaka hamwogeshi dada yake wa tumbo moja. Haifanyiki.

Yeye ndiye aliyenilea mama alipofariki. Mimi miaka mitatu, yeye kumi na moja.

Mkono wa kulia unatetemeka zaidi ya mwezi uliopita. Naandika hivyo hivyo. Nilizoea daftari la wagonjwa zahanati. Siku nisiyoiandika naiona kama haikupita.

Dada akili zinamtoka. Hapa naweza kusema, hakuna atakayesoma.

Alhamisi, 31 Oktoba

Hadija alimfuata mama yake leo. Ana miaka saba, mtoto mchangamfu, anaimba wimbo mmoja siku nzima. Dada alimshika mashavu kwa mikono miwili, akamwita Salima. Akamwambia, "Salima, mbona umechelewa kurudi?" Mtoto akacheka, akaitikia.

Mama Hadija aliniuliza Salima ni nani. Nikamjibu ni ndugu yetu mmoja wa zamani.

Nimedanganya. Salima alikuwa mtoto wa kwanza wa Dada. Alikufa kwa homa akiwa na miaka sita. Sikutaka kumwambia mwanamke mwenye mtoto mmoja kwamba mwanawe ameitwa kwa jina la marehemu. Angeacha kuja.

Jumapili, 3 Novemba

Dada alipotea.

Nilikwenda kisimani, niliporudi mkeka mtupu. Nilizunguka nyumba zote za mstari wetu. Nyumba hapa zimepangwa kama meno, kila mlango unatazama mgongo wa nyumba nyingine, na bado hakuna aliyemwona. Nikajua kaenda kwetu. Kule tulikohama ni mwendo wa saa moja na nusu, njia imeanza kufungwa na majani. Njiani mavi ya tembo mabichi, yanatoa moshi. Nilitembea nikipiga makofi.

Nilimkuta makaburini. Salima na mdogo wake wa kiume wamelala pale, chini ya mawe niliyoyapanga mwenyewe. Dada alikuwa amepiga magoti, anachimba kwa vidole. Kajaza udongo kwenye pindo la kanga. Nilimwuliza anafanya nini. Akasema watoto wana baridi, anawatafutia mahali penye jua.

Hakukubali kuuacha ule udongo. Nilichoka kumbembeleza. Tukarudi nao.

Wanawake wawili wa kijijini walikuwa wanakata kuni karibu na njia. Walituona. Niliwasalimu, wakaitikia polepole. Macho yao yalikuwa kwenye kanga ya Dada.

Jumatano, 6 Novemba

Mvua hakuna. Mawingu yanakuja mpaka juu ya milima, yanageuka. Mahindi tuliyopanda yamechungulia na kukauka. Tunakula unga wa njano wa msaada. Dada anautema.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Kibwana, alikuja kuniona. Alizunguka sana. Habari za shamba, habari za mgongo wake. Halafu: watu wanauliza kuhusu udongo. Nikamweleza. Nikamwambia ni ugonjwa wa uzee, ubongo unachakaa kama goti linavyochakaa, nimeuona kwa wengine. Alitikisa kichwa kama mtu aliyekwisha amua kabla ya kuja.

Akasema, "Basi mfunge, Mzee Omari. Kamba laini tu, mguuni. Ni kwa usalama wake."

Nilikataa. Nimewaona waliofungwa. Walikuwa wanaletwa kwangu zahanati na vidonda vya kamba vinavyoonyesha mfupa.

Nimemwandikia binti yangu Asha barua ya tatu. Yuko Kilosa, mtaa wa Mabwerebwere, kaolewa na fundi wa reli. Mbili za kwanza alijibu kwa kifupi: mume wake bado anafikiri. Nyumba ndogo, watoto wanne. Namwelewa. Simlaumu. Namlaumu.

Jumatatu, 11 Novemba

Surua imeingia. Nilijua itaingia. Watu wamehamishwa kutoka mabonde kumi wakawekwa pamoja, watoto wanakoholeana usoni, na chakula chenyewe hicho. Mtoto wa nyumba ya mwisho, mstari wa pili, amefariki asubuhi. Tumemzika alasiri.

Nilimwona akiwa bado hai juzi. Nilimwambia baba yake ampeleke zahanati ya Mikumi. Akasema atangoja aone.

Makaburini mtu mmoja nyuma yangu alisema mtoto yule aliwahi kupewa muwa na bibi. Hakutaja bibi gani.

Jumatano, 13 Novemba

Wa pili.

Ijumaa, 15 Novemba

Baada ya swala hakuna aliyenipa mkono. Si kwamba walikataa. Kila mmoja alikuwa na haraka.

Mama Hadija hakuja jana wala leo. Nilipita mbele ya kwao nikamwona anapepeta. Alisema, "Shikamoo, baba," bila kuinua uso. Nikaitikia marahaba. Nikangoja. Akaendelea kupepeta ungo mtupu.

Naogopa. Miaka ile ya vita, nikiwa kijana, kuna mama mmoja wa bonde la jirani alitolewa nyumbani kwake kwa maneno kama haya. Sitaandika alivyofanywa. Mimi ndiye niliyeletewa nimfunge bandeji.

Jumamosi, 16 Novemba

Dada ananuka. Hajaogeshwa siku tatu. Ngozi ya mapajani imeanza kuwa nyekundu. Kesho kutwa itachubuka, baada ya hapo ni kidonda, na kidonda kwa mtu wa miaka sabini na tatu najua kinavyokwisha.

Nimewaomba wanawake watatu. Wa kwanza kasema mgongo. Wa pili kasema mume wake hayupo mpaka arudi amwulize. Wa tatu alifunga mlango nikiwa bado nasema.

Jumapili, 17 Novemba

Nimemwogesha mwenyewe.

Nilichemsha maji, nikayapoza. Nilitia chumvi kidogo kwa ajili ya ile ngozi. Nikatandika gunia nyuma ya nyumba, nikamkalisha, nikamfunika kanga kubwa kuanzia shingoni. Nilipitisha kitambaa chini ya kanga, nikigeuza uso ukutani. Nilijiambia huyu ni mgonjwa namba fulani. Haikusaidia.

Alinipiga kofi. Akanitukana kwa Kisagara, matusi ambayo sikuyasikia tangu utotoni. Alidhani mimi ni mwanamume wa kupita. Nilimwacha anipige. Nilipofika kuosha miguu akatulia. Akaniangalia muda mrefu. Akasema, "Omari, kwa nini unalia? Umeanguka?"

Alinijua. Kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi hivi, alinijua. Nikamwambia ndiyo, nimeanguka kidogo. Akanipangusa uso kwa ile kanga iliyolowa.

Halafu akaondoka tena, akiwa palepale ameketi.

Nilipoinua kichwa kulikuwa na watoto wanne wametukodolea macho kutoka pembeni ya nyumba ya jirani. Hawakucheka. Afadhali wangecheka. Mwenye kuwatuma alikuwa nyuma yao, niliona kivuli chake.

Jumanne, 19 Novemba

Hadija anaumwa. Nimesikia kwa Balozi. Homa siku ya tatu, macho mekundu, vipele vimeanza nyuma ya masikio. Sihitaji mtu kuniambia jina la ugonjwa.

Nilikwenda. Shabani, baba yake, alisimama mlangoni na jembe mkononi. Hakuliinua. Alilishika tu. Ni kijana mpole, alinisaidia kuezeka nyumba yangu siku tulipohamia.

Nikasema nataka kumwona mtoto.

"Mzee, nakuheshimu," alisema. "Shikamoo yako nimekupa. Lakini humu huingii."

"Macho yake yanahitaji dawa, Shabani. Surua inakula macho."

"Dada yako alimwita kwa jina la nani?"

Wamekwisha kujua. Mtu wa kwetu kawaambia Salima alikuwa nani. Na kwamba mimi nilificha. Uchawi usingekuwa na ushahidi mzuri kuliko uongo wangu.

Ndani nilimsikia mtoto. Si kilio. Kama mbuzi mdogo aliyechoka.

Jumatano, 20 Novemba

Mkutano ofisi ya kijiji. Ajenda ilikuwa pembejeo. Pembejeo zilizungumzwa dakika tano.

Kuna mtu upande wa Dumila anasafisha vijiji. Ana dawa ya kunywa. Wazee wote wataitwa, kila mmoja atanyolewa na kunywa. Asiye na kitu haimdhuru. Mwenye kitu inamwonyesha. Atafika Jumamosi asubuhi.

Nilisimama. Nikasema serikali haitambui mambo haya. Nikasema surua ni surua, iko Mikumi, iko Kilosa, iko kila mahali walikobanana watu wenye njaa. Nikasema dawa nisiyoijua siwezi kumpa mtu ambaye moyo wake unaruka pigo moja katika kila matano. Nilisema vizuri. Nimezoea kusema na watu. Waliniacha nimalize, kama unavyomwacha mgonjwa wa homa aseme.

Mwenyekiti alisema yeye kama kiongozi hawezi kuruhusu. Akasema pia hawezi kuwakataza wananchi wakitaka amani. Siku ya Jumamosi atakuwa na safari ya kikazi.

Wakati wa kutoka nilipewa njia pana sana.

Alhamisi, 21 Novemba

Mama Hadija alinifuata kisimani saa sita, saa ambayo hakuna mtu kwa jua. Mtoto mgongoni, kamfunika kichwa chote. Kabla hajasema nilimwambia, "Nilikudanganya kuhusu Salima. Nilitaka uendelee kuja."

"Najua, baba," alisema. "Mwangalie kwanza."

Jicho la kulia bado. La kushoto lina utando, mweupe kama maziwa. Kope zimegandana na majani. Kuna mtu anamkamulia majani machoni, asubuhi na jioni. Nilimwambia aache leo hii. Maji yaliyochemshwa na chumvi, pamba safi, basi. Uji mwepesi kila saa hata akikataa. Na kesho asubuhi Mikumi, asingoje idhini ya mtu.

"Shabani amesema tungoje Jumamosi."

"Jumamosi jicho la pili litakuwa limekwenda."

Nilimwandikia cheti kwa mganga wa zahanati. Nilikiandika juu ya goti, mwandiko kama wa kuku. Alikikunja akakiweka kwenye pindo la kanga. Hakuniuliza kama ni Dada aliyemroga. Mimi ndiye niliyetaka aniulize, ili nikatae. Alimfunika mtoto, akaenda zake kwa njia ya chini.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimekuta majivu kizingitini, yamemwagwa kwa mstari ulionyooka. Nimefagia.

Dada anakohoa. Si surua, aliugua utotoni, nakumbuka hadithi yake. Ni kifua tu. Lakini anakohoa na wanasikia.

Nimeamua. Kesho treni ya Kilosa inapita saa nane mchana. Yule mtu anafika asubuhi, itabidi tutoke mapema. Asha hajajibu. Mume wake hajakubali. Tutafika bila kualikwa, wazee wawili na mkeka. Kama atatufukuza, basi atufukuze Kilosa, penye hospitali na watu wengi wasiotujua.

Mchana nilitafuta miwani nusu saa. Nilikuwa nimeivaa. Dada alianza hivyo hivyo. Sitaki kufikiri hilo leo.

Jumatatu, 25 Novemba. Kilosa

Sijaandika siku mbili. Naandika Jumamosi ilivyokuwa, kabla haijachanganyika.

Tulitoka alfajiri ilipokwisha kupambazuka vizuri. Nilimkalisha Dada kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, nikaisukuma. Mkeka, sufuria, nguo, daftari. Alifurahi. Alidhani tunakwenda harusini. Alikuwa akipungia mikono nyumba zilizofungwa milango.

Balozi Kibwana alikuwa nje. Alitutazama tukipita, akageuka akaingia ndani. Sijui kama alikwenda kuwaambia au alikwenda ili asiwe ameona. Nitajiuliza hilo mpaka nife.

Tulifika stesheni ya Mikumi saa nne. Mama Hadija alikuwa pale. Ameketi chini ya ukuta na mtoto mapajani. Zahanati walimpa dawa ya macho na barua ya kwenda hospitali ya wilaya. Alilala kwa watu asiowajua. Nyumbani hajarudi, Shabani hajui aliko. Nilikaa mbali naye kidogo. Sikutaka aonekane na sisi.

Walikuja karibu saa saba. Wanaume kama kumi na watano, na wanawake. Mbele yule mtu wa Dumila, mfupi, kavaa koti zito juani, ameshika kibuyu. Sikutegemea sura yake. Alikuwa na sura ya karani. Shabani alikuwa kati yao.

Hawakupiga kelele. Hilo ndilo lililoniogopesha. Mmoja aliniondoa mkono begani mwa Dada kwa adabu kabisa, akisema, "Samahani, mzee." Mwingine akamshika Dada mkono. Wakamsimamisha. Dada alimwuliza yule aliyemshika mkono kama yeye ndiye bwana harusi.

Nilisema maneno. Siyakumbuki. Nilishika kanga yake nikavutana nao, na kidole kimoja baada ya kingine kikaachia, kwa sababu mkono huu hauwezi tena kushika kitu. Mzee wa miaka sitini na tano anavuta kanga na watu wanaotazama ni watu aliowafunga vidonda. Niliona haya. Katikati ya hofu yote, niliona haya.

Mama Hadija alisimama. Alikuja na mtoto mikononi, watu wakampisha kwa sababu hawakuelewa. Akamwambia yule mshika kibuyu:

"Mimi ndiye ninayemwogesha huyu."

Yule mtu akasema hakuna aliyemwuliza.

"Nimemwogesha miezi miwili. Mgongo, kwapa, kila mahali. Nimemkata kucha. Kama ana kitu, mimi ningekuwa wa kwanza kukiona, na ningekuwa wa kwanza kufa. Mnataka kunywesha mtu dawa, anzeni na mimi. Lakini mniambie kwanza mtoto huyu nimwachie nani."

Shabani alimwita mke wake, si kwa jina la mtoto, kwa jina lake mwenyewe. "Tatu. Njoo huku."

Hakwenda. Aligeuka akaketi chini palepale, katikati yao, akamvuta Dada upande wa kanga mpaka naye akaketi. Halafu akamlaza mtoto mapajani kwa Dada. Kichwa na lile jicho lililofungwa pamba. Mbele ya wote.

Dada alimtazama mtoto. Nilimwomba Mungu asiseme jina lolote. Alianza kumpepea nzi.

Msimamizi wa stesheni alitoka ofisini na kofia yake akafoka, uwanja wake si wa mikutano, wasio na tiketi watoke. Ni mtu mwembamba, angeweza kuangushwa kwa kidole. Lakini alikuwa na kofia. Wawili watatu walirudi nyuma. Kisha wengine. Yule mwenye koti aliwaambia haina haja, mwenye kitu hafiki mbali. Akatema mate kuelekea reli.

Shabani alibaki. Alisimama mpaka treni ikaingia. Alipoona mke wake anashindwa kupanda na mtoto, alikuja akampokea mtoto, akampandisha, akashuka. Hakunitazama.

Daraja la tatu kulijaa. Mtu mmoja alimpisha Dada kiti. Hakumjua.

Jumanne, 26 Novemba

Mume wa Asha anaitwa Selemani. Niliogopa kumwandika siku zote. Jumamosi alikuwa stesheni ya Kilosa, ametoka zamu. Alituona tumesimama na baiskeli na mkeka, akaelewa bila kuambiwa. Alimbeba Dada mgongoni mpaka Mabwerebwere. Hakusema karibu. Kafika, kamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe, akatoka kwenda kuazima kingine.

Asha anamwogesha. Nimemfundisha kugeuza mgonjwa bila kumvuta ngozi.

Jumatatu, 2 Desemba

Nilikwenda hospitali kumwona Hadija. Jicho la kulia limepona. La kushoto halitaona. Daktari alisema siku mbili zaidi na yangekwenda yote mawili.

Siku mbili. Mimi nilikaa zaidi ya wiki mbili na uongo wangu kabla hajaugua, na siku mbili nyingine baada ya kuzuiwa mlangoni kwa Shabani. Najua surua haikuletwa na uongo. Lakini kama mama yake asingeacha kuniamini, angeniletea siku ya kwanza ya homa. Hilo ni langu. Halimhusu Dada.

Mama Hadija alikuwa anamlisha. Shabani amefika jana, kalala nje ya wodi. Alisimama aliponiona. Akanipa shikamoo. Nikaitikia. Hatukuendelea.

Jumamosi, 14 Desemba

Habari kutoka kijijini. Mtu wa Dumila alifanya kazi yake siku ileile jioni. Wazee kumi na mmoja walinyolewa na kunywa. Mzee Kibwana, Balozi wetu, alikunywa wa kwanza kuonyesha mfano. Alitapika siku mbili. Siku ya tatu akafariki.

Alikuwa na moyo mzuri kuliko wa Dada. Nilimpima mimi.

Wamesema dawa imemwonyesha. Watoto wengine wawili wamekufa kwa surua baada yake.

Nyumba yangu wameibomoa, miti imegawanywa kwa kuni.

Jumapili, 12 Januari 1975

Mvua tangu juzi. Mto Mkondoa umejaa, unasikika mpaka hapa. Selemani ameziba paa mahali pawili.

Dada hasemi tena. Wiki ya pili sasa. Anakula akilishwa, anameza vizuri, ngozi haina kidonda. Usiku analala. Moyo unaruka, lakini unaendelea.

Leo Asha alimtoa barazani apate hewa. Alipita jirani, mama mmoja wa Mamboya anayeuza mboga, simjui hata jina. Alitua kapu lake, akapiga magoti kidogo kunisalimu. Kisha akamwangalia Dada, akauliza, "Mgonjwa anaendeleaje, babu?"

Mgonjwa. Alilisema kama neno la kawaida. Akangoja jibu.

Nikamwambia anaendelea vizuri, leo amekula ndizi nzima. Akasema Mungu amjalie. Akachagua fungu moja la mchicha, laini, akaliweka pembeni ya mkeka, akajitwika kapu akaenda.

Nilikaa na Dada pale mpaka mvua ilipoanza tena.